Mama, Mvua na Bwana Sweta

Jumamosi, 11 Februari

Joto. Joto la kumfanya mjusi aazime viatu.

Leo tumeanza mazoezi ya mama mkwe. Mtaalamu wa viungo kule hospitali alishasema: nyonga mpya si pambo, ni ya kutembelea. Kila siku, nje, mahali tambarare. Kuzunguka chumbani si kutembea. Mama akaitikia kwa unyenyekevu, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo" — nikajua hapo hapo kwamba hatutembei. Mkunga mstaafu yule. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Hapokei amri, anatoa.

Nimefunga duka saa kumi, nikampeleka bustani ya manispaa. Vile vyuma vya mazoezi vya rangi ya bluu vimesimama juani mchana kutwa. Mama akashika kimoja. Akakiachia kama aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Hiki ni cha mazoezi au cha kukaangia?"

Tukatafuta kivuli. Kivuli chote kimejaa watu, na watu wote wamekaa! Bustani nzima, hakuna anayenyanyua hata unyayo. Isipokuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, anazunguka njia peke yake — na sweta. Sweta la sufu, shingo mpaka kidevuni!

"Yule mgonjwa," Mama akasema.

"Labda anapunguza mwili."

"Apunguze nini? Akipungua zaidi ya pale atapita kwenye tundu la sindano."

Tumetembea kutoka benchi hadi benchi. Kisha akataka maji. Kisha akataka nyumbani. Mume wangu kauliza tumefanya nini. Mama kamjibu: "Tumeiva."

Jumatatu, 13 Februari

Mtaalamu kasema kwa simu: nani kawaambia mwende jioni kiangazi hiki? Nendeni alfajiri.

Alfajiri! Mimi ni fundi wa miwani, nawarekebishia watu macho, lakini yangu hayafunguki kabla ya saa mbili.

Tumekwenda. Kumbe mji mzima huhamia bustanini kabla jua halijachomoza! Wanaokimbia. Wanaoruka kamba. Kinamama wenye trakisuti zinazofanana, wanaotembea polepole na kusengenya kwa kasi. Jua likishapanda juu ya ukuta, wote wanayeyuka — ungedhani hapakuwa na mtu.

Nimemshika Mama kiwiko. "Sukuma mguu, Mama. Sukuma. Bado kidogo."

Akasimama akaniangalia. "Maisha yangu yote nimewaambia wenzangu sukuma, bado kidogo. Leo naambiwa mimi. Kweli dunia duara."

Yule mzee wa sweta alikuwepo. Akatusalimia kwa kuinamisha kichwa. Mama hakuitikia. Tulipompita tu: "Ana adabu, lakini."

Ijumaa, 3 Machi

Makubwa. Mama kajiamsha mwenyewe. Nimemkuta sebuleni, raba miguuni, kajipaka mafuta, anang'aa kama lenzi iliyotoka kufutwa.

"Unachelewa. Jua halimngoji mtu."

Amemaliza mzunguko mzima. Siyo kwa sababu yangu. Ni Bwana Sweta — ndivyo anavyomwita, mbele yake, naye anaitika! Katembea upande wake wa kulia, hakumshika, hakumwambia sukuma. Anapunguza mwendo tu, kama vile ndiye aliyechoka.

Mama akamuuliza sweta la nini. Akasema wakati wa joto anavaa ili jasho litoke, wakati wa baridi atavua ili mwili ukomae.

"Yaani unaishi kinyume na wenzio."

"Bi Mkunga, hao wenzangu wako wapi? Si wamekaa kivulini?"

Bi Mkunga! Mama kacheka mpaka akashika kiuno.

Jioni kapitia dukani kwangu. Anataka fremu mpya. Ile ya zamani inamzeesha.

"Unataka za kuonea nini, Mama?"

"Za kuonea njia."

Haya. Nimempa nyekundu.

Jumapili, 19 Machi

Chakula cha mchana. Mama kasimulia wiki yake. Bwana Sweta kasema hivi, Bwana Sweta kaona vile. Mume wangu akaacha kutafuna.

"Nani huyo?"

"Mtu wa mazoezini."

"Jina lake nani?"

"Si nimeshakwambia? Sweta."

Kanifuata jikoni. Ana umri gani? Mkubwa. Ana mke? Alifiwa. Akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Kisha, kwa sauti ya daktari: "Joto hili limezidi. Nadhani Mama apumzike kidogo."

Mume wangu, fundi wa lifti, mtu ambaye hapandi ngazi hata za kwa mdogo wake, leo ndiyo siku ya kwanza kujua kwamba kuna joto.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua zimeingia. Mvua ya kwanza iliondoa wenye raba nyeupe. Ya pili ikaondoa kinamama wa trakisuti, sasa wanasengenyana kwa simu. Leo tumebaki watatu, na bata wawili waliogeuza kiwanja cha kuruka kamba kuwa bwawa. Sijui ni bata wa nani.

Tumegundua kazi ya Bwana Sweta kabla ya kustaafu. Alikuwa kwenye kituo cha hali ya hewa! Mtabiri! Kakiri akiwa amejinyoosha kama askari. Akatazama juu, akanusa, akasema leo kavu mpaka jioni, tuzunguke mara ya pili.

Hatukufika nusu. Ikamwagika kana kwamba kuna aliyepindua pipa.

Tumejibanza kwenye kibanda cha mlinzi, watatu, tunachuruzika. Mama anacheka, hawezi kusema. Akapata pumzi:

"Na ulikuwa unalipwa kwa kazi hii?"

"Mpaka nikastaafu!"

"Dalili ya mvua ni mawingu. Hata kuku anajua."

"Kuku hana vipimo, Bi Mkunga."

"Ndiyo maana hakosei!"

Sijamsikia Mama akicheka hivi tangu baba mkwe alipotutoka. Nilikuwa nimesahau kwamba cheko lake lina mluzi mwishoni.

Alhamisi, 13 Aprili

Mama ameanguka.

Asubuhi nilikuwa na miwani ya mteja anayesafiri, nikashindwa kwenda. Mawingu yalikuwa meusi. Mama akampigia Bwana Sweta, akaweka simu kwenye spika ili nisikie: mawingu ya kupita tu, hakuna tone kabla ya saa nne. Mama akanitazama. Nikasema nenda.

Nilisema nenda.

Ikanyesha. Njia ikawa mto. Pale karibu na vyuma kuna utelezi wa kuvu, sote tunaujua, ila ukifunikwa na maji hauonekani. Mlinzi ndiye aliyenipigia. Nimemwacha mteja na lenzi mkononi.

Nimemkuta Mama kalala kibandani, kafunikwa sweta. Bwana Sweta kasimama mvuani na fulana, meno yanagongana. Nafasi ilikuwepo ndani. Hakuingia. "Nilisema hakuna tone," anarudia. "Nilisema hakuna tone."

Mume wangu kafika na ovaroli la kazini. Kamwinua Mama kama mtoto. Kabla ya kuondoka akageuka, mbele ya mlinzi, mbele ya watu wa gari la wagonjwa: "Mzee, ungeniulia mama kwa utabiri wako."

Bwana Sweta akainamisha kichwa. Na sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyesema nenda.

Ijumaa, 14 Aprili

Eksirei safi! Chuma cha nyonga hakikusogea. Kifundo cha mkono kimeteguka, paja limevilia damu. Mama kwa daktari: "Aliyenitia chuma ni fundi. Aliyejenga ile njia ndiye aje alazwe."

Mume wangu katangaza: marufuku bustani. Mvua ziishe kwanza.

"Zikiisha inakuja baridi," nikasema.

Na baridi iishe.

"Ikiisha baridi linakuja joto."

Akajitia hamnazo.

Jumatano, 10 Mei

Mvua, mvua, mvua. Hata kuta zimechoka.

Mume wangu kanunua baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Kaiweka sebuleni, mbele ya televisheni. Mama kaikalia siku moja, kakanyaga kidogo, kauliza: "Tumefika wapi?" Akashuka. Sasa inaanikiwa taulo. Ni kamba nzuri sana, na ghali.

Anatembea ukumbini, jikoni na kurudi. Amri ya mwanawe: mara nyingi kadiri atakavyo. Anavyotaka ni kidogo. Fremu nyekundu iko kabatini. Simu ya Bwana Sweta haipokei — si kwa hasira, nadhani. Hana la kumsimulia. Kule walikuwa na majani, bata, watu wa kuwacheka. Huku kuna mimi na taulo.

Sweta amelifua. Limekunjwa juu ya kiti chake. Hasemi la nani.

Jumamosi, 20 Mei

Siku ndefu hii. Niiandike kwa utaratibu.

Asubuhi nimesikia maji bafuni yakitiririka muda mrefu. Nimegonga. Nimefungua — Mama kasimama nje ya kile kizingiti cha kuogea, taulo begani, ameshika ukuta. Kizingiti kimo chake kiganja tu. Mguu haupandi. Alikuwa analia bila sauti, kwa namna ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwezi wa tatu nilikuwa nakiruka," akasema.

Nikaunyanyua mguu kwa mikono miwili, nikauvusha.

Tukamwita mtaalamu. Kaja, kakunja mguu, kakunjua, uso umemkauka. Akamwambia mume wangu bila kuzunguka: msuli unakufa. Baridi inaingia, viungo vitakaza zaidi. Akikaa ndani mpaka kiangazi, hatanyanyuka tena kwa miguu yake.

"Na akianguka?" mume wangu akauliza.

"Anaweza kuanguka. Lakini ukimkalisha hivi, umeshamwangusha tayari, polepole."

Mume wangu katoka uani. Nimemfuata. Tukagombana kwa kunong'ona, maana dirisha la Mama liko pale pale. Alisema mimi sikumwona alivyokuwa amelowa, mwepesi, kama nguo. Nikasema nilimwona. Akasema huyo mzee aliahidi. Nikasema alisema mawingu, hakuahidi. Akasema ni yale yale. Kisha akaniuliza, taratibu: "Nikimruhusu halafu aanguke, dada zangu nitawaambia nini?" Hapo nikajua haogopi mvua. Na wivu ule niliokuwa namchekea, sehemu yake ilikuwa hofu tu.

Saa kumi hivi, hodi. Bwana Sweta! Baridi yote ile, shati la mikono mifupi! Ngozi imemsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Mume wangu ndiye kafungua, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Nimekuja kumwomba mama yako radhi. Na wewe pia."

"Na leo unasemaje?" mume wangu akauliza. "Itanyesha?"

Mzee hakutazama hata juu. "Sijui, mwanangu."

"Hilo ndilo neno lako la kwanza la kweli."

Ikawa kama itaishia hapo. Ila Mama alikuwa ameshasikia sauti. Akatoka chumbani akijishikiza ukutani, na sweta kwapani. Ukumbi wetu si mrefu. Lakini ule mguu ulikuwa unaburuzwa, unasimama, unaburuzwa. Sote tukangoja. Bwana Sweta akatazama chini kwa heshima. Mume wangu akatazama — leo ametazama kweli, mwanzo mpaka mwisho, uso wake ukibadilika.

Mama akafika. Akamrushia mzee sweta. "Vaa. Kukomaza mwili kuna mipaka."

Mume wangu akasogea mlangoni. "Karibu ndani," akasema. Kwa sauti ya mtu anayekunywa shubiri, lakini kasema.

Jumapili, 4 Juni

Masharti ya mume wangu, kayasoma mezani kama hakimu. Njia ikiwa na maji, hakuna kwenda. Utabiri hautakiwi, kutoka kwa mtu yeyote. Na siku zisizo za kazi atakuwepo yeye mwenyewe. Siku nyingine mimi, bila kisingizio cha mteja.

Mama: "Na nikitaka kupiga chafya, niombe kibali?"

Leo ndiyo mara ya kwanza ya mume wangu. Kanunua trakisuti. Karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia mgongoni, nikaiacha. Juu yake koti. Juu ya koti skafu. Glovu!

Bustani imebadilika. Kiangazi watu walikuja alfajiri, sasa alfajiri hakuna hata bata. Wanaanza kuingia saa nne, jua likitoka. Wale wale waliolikimbia jua sasa wanalifuata kipande kwa kipande — likihamia upande wa pili wa njia, na kinamama wa trakisuti wanahamia nalo, na umbea wao. Vyuma ni vya baridi mpaka vinauma. Mama kashika kimoja: "Kilinichoma, sasa kinaning'ata. Hakina jema."

Bwana Sweta kavua sweta, kama alivyosema. Kalifunga kiunoni. Maji ya kunywa kayabeba yeye.

Mama katembea robo ya njia. Uso umemkunjamana kwa maumivu, hakusimama. Bwana Sweta yupo kulia, hakumgusa. Mume wangu yupo nyuma, mikono mbele, kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka kumshtua. Na anahema! Wazee wawili wanaongea, yeye anahema! Walipopumzika, yeye ndiye wa kwanza kukaa.

"Kazi yangu ni ya kupanda," kanieleza.

"Kwa lifti," nikamkumbusha.

Jumatano, 7 Juni

Nusu ya njia. Baridi kavu. Fremu nyekundu imetoka kabatini.

Jumamosi, 17 Juni

Ukungu. Nipo bustanini, kwenye benchi, naandika nikiwa nimeweka daftari kwenye magoti. Vidole vimekufa ganzi, mwandiko huu mbaya si kosa langu.

Siuoni ule ukuta. Siyaoni hata malango. Mtu anatokea ghafla mbele yako, anasema habari za asubuhi, anamezwa tena. Wakimbiaji wamekuja wachache, wanakohoa ili wasigongane. Mume wangu alitaka turudi nyumbani. Kasema sharti lake halikutaja ukungu lakini lilikusudia. Mama kamuuliza: "Kuna maji njiani?" Hakuna. "Basi."

Wameanza mzunguko. Wazee mbele, yeye nyuma. Nawasikia zaidi kuliko ninavyowaona. Mama anasimulia kuhusu mwanamke aliyejifungua ndani ya ofisi ya posta. Anaitikiwa, "Ehe! Ehe!"

Wamepita mbele yangu mara ya kwanza. Mzunguko mzima! Mama! Sikupiga makofi, angenitukana. Mguu unapanda. Unachelewa kidogo, lakini unapanda. Mume wangu kapita baada yao, mbali kidogo, kafungua zipu ya koti, skafu kaishika mkononi. Jasho. Karatasi ya bei haipo tena, nani kamwambia?

Wanaingia mzunguko wa pili. Hakuna aliyewatuma.

Ukungu umezidi. Sasa sisikii kitu upande ule.

Nimesikia kokoto nyuma ya benchi langu. Nimegeuka — ni wao wawili! Wamekata katikati ya nyasi, wanaelekea lango dogo la nyuma, lile la kwenye kibanda cha chai. Mama haegemei mtu. Au anaegemea kidogo, kwa hiari yake. Sweta liko begani mwake. Bwana Sweta kaniona, kashtuka kama mwanafunzi mtoro. Mama hakushtuka. Kaweka kidole mdomoni. Miwani imejaa mvuke, sidhani hata alikuwa anaona vizuri anakokwenda, na alikuwa anacheka — nimeusikia ule mluzi.

Wamemezwa.

Nyasi zimelowa. Zinateleza. Nalijua hilo. Yeye pia analijua, kwa sababu anakanyaga kama paka. Niwaite? Nimefungua mdomo. Nimeufunga.

Mume wangu kajitokeza kutoka ukunguni, upande wa njia. Peke yake. Kasimama. Anatazama mbele, nyuma, mbele. Anaita "Mama!" mara moja, si kwa nguvu, kama mtu anayeona aibu kuita. Mkimbiaji mmoja kampita; mume wangu kamuuliza, yule kainua mabega.

Ameniona. Anakuja, karibu anakimbia. Sijamwona akikimbia tangu tuoane.

Niko kichwa chini, naandika. Naandika neno lolote, mradi kalamu isogee. Kibanda cha chai hakiko mbali. Mtu mwenye nyonga mpya, akitembea kwa makini, anahitaji muda kidogo tu kufika, kuvuta kiti, kukaa.

Amefika. Anahema mpaka daftari linatikisika.

"Mama Watoto. Wamepita hapa?"

Nimemwinulia kidole. Subiri kidogo, mume wangu, namalizia mstari.